Mvumo wa Kidato cha Sita

Katika shule ile, ambayo haitatajwa jina kwa heshima ya wale watakaosemwa humu, mtu hakulalamika kwa mdomo. Mdomo una mwenyewe, na mwenyewe ana makalio ya kuchapwa. Kwa hiyo walivuma. Siku ambayo wadudu walizidi maharage kwenye sahani, bwalo zima lilifunga midomo, macho yakatazama chakula kwa adabu, na kutoka puani ukaanza mvumo mzito, kama nyuki waliohamia chini ya sakafu. Mwalimu akisogea upande wa kushoto, kushoto kunanyamaza na kulia kunaendelea. Akikimbilia kulia, anakuta watu wanatafuna kama watawa.

Wanahistoria wa bwenini walishikilia kwamba desturi hiyo iliachwa na wapagazi wa misafara, kwa kuwa njia ya kale ya kwenda Ujiji ilipita nyuma ya bwalo, mahali ambapo sasa watu hupita kwenda kununua chipsi bila ruhusa. Hapakuwa na ushahidi wowote wa jambo hili, na ndiyo maana liliaminiwa na wote.

Fundi mkuu wa mvumo alikuwa Fikiri, mtoto wa mtaa wa Isevya, Kidato cha Sita. Yeye ndiye aliyeanzisha, na yeye ndiye aliyetoa ishara ya kunyamaza. Ndiye pia aliyemvalisha mbuzi wa Mkuu wa shule tai na kumpeleka paredi, kosa ambalo mpaka leo halijapata mshtakiwa. Alikuwa kijana mwenye uso wa mtu anayetoka kusali. Uso huo ulimsaidia sana maishani, mpaka wiki inayosimuliwa hapa.

Wiki yenyewe ilianzia maabara, Jumamosi mchana. Madam Siwema, mwalimu mpya wa fizikia, alikuja na kiboksi cha plastiki chenye kipande cheusi kinachong'aa, kidogo kama ukucha. Chuoni Dodoma alikuwa ametumia miaka kukimulika kipande cha namna hiyo. Mtaala haukumwomba akiseme. Alifunga mlango, akakiweka pembeni Kiingereza cha shule, akaeleza kwa Kiswahili.

"Hiki ni matabaka," alisema. "Nusu-kipitishi, yaani kitu kinachopitisha umeme kwa shingo upande, juu ya nusu-kipitishi kingine, kama chapati zilizopangwa. Katikati kuna tabaka moja jembamba mno. Elektroni zikiingia humo zimekwisha, hazitoki. Tunaliita kisima cha kwanta. Na mle ndani hazilali ovyo. Zina vitanda vya deka, kama ninyi. Kuna cha chini na kuna cha juu. Hapo katikati hakuna pa kulala."

"Na mwanga, Madam?" aliuliza Ngollo, ambaye kwa kawaida hakuuliza kitu.

"Mwanga wenye nguvu inayotosha kabisa unainyanyua ya chini inakwenda juu. Ukipungua kidogo, haiamki. Kwa hiyo ukijua umbali kati ya vitanda viwili, unajua ni mwanga gani utamezwa. Hiyo ni hesabu ya elektroni moja peke yake. Je, zikiwa nyingi?"

"Zitagombania shuka," alisema Fikiri.

"Hujakosea sana. Zinasukumana. Mwanga ukija kuitikisa moja, nyingine nazo zinasogea, na kule kusogea kwao kunazaa uga wa umeme unaopingana na ule uliokuja. Matokeo yake kila elektroni inapata msukumo mdogo kuliko uliotumwa. Zinakingana." Alichora vishale ubaoni, vikubwa nje, vidogo ndani. "Lakini sasa, hapo ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu—"

Kengele ya kazi za mikono ikalia. Mwalimu Masanja, mwalimu wa nidhamu, alikuwa tayari mlangoni na fimbo yake, akihesabu majembe.

"Tutamalizia Jumamosi ijayo," alisema Madam.

Ngollo alibaki nyuma akikiinua kiboksi dirishani, akikigeuza huku na huku kama mtu anayetafuta tundu.

Ngollo Lugembe alikuwa mkubwa kuliko darasa zima. Alianza shule akiwa tayari ana ndevu za kuanzia, kwa sababu kabla ya hapo alikuwa akichunga huko Igunga. Baba yake, mzee mwenye ng'ombe wengi na maneno machache, alikubali asome kwa sharti moja, na bweni zima lililijua sharti hilo kwa moyo: asome mpaka amalize, lakini siku ambayo shule itamrudisha nyumbani kwa kosa, mzee atampokea na hatamtoa tena. Atamwoza, atampa mifugo aipeleke Katavi kwenye malisho. Mchumba alishapatikana. Ng'ombe wa mahari walishatengwa. Kilichobaki ni shule kufanya kosa la kumrudisha, na mtihani wa mwisho ulikuwa umebakiza wiki chache.

Sasa, darasa lilikuwa na simu. Simu haziruhusiwi, kwa hiyo hii haikuwa ya mtu. Ilikuwa ya wote, ikiitwa Mheshimiwa, na ilikaa ndani ya kopo la unga wa uji, ikitolewa kwa zamu. Wengine waliitumia kuangalia mpira. Wengine waliitumia kuwaandikia wasichana mambo ambayo wasichana hawakuyaomba. Siku zamu ilipomfikia Ngollo, aliitumia kusoma habari za visima vya kwanta, na alizama mno hata hakusikia viatu. Mwalimu Masanja alisoma naye ukurasa mzima akiwa amesimama nyuma yake.

"Ya nani?"

"Yangu, mwalimu."

"Ya kwako peke yako?"

"Peke yangu."

Usiku ule hakuna aliyekula kwa raha. Adhabu ya simu ilijulikana: begi, geti, nyumbani. Ngollo alikaa juu ya kitanda chake cha chini akikunja mashati, moja moja, bila kuambiwa.

"Usikunje," Fikiri alimwambia. "Hufiki popote."

"Wewe utamzuia Masanja?"

"Si mimi. Sisi." Fikiri alipanda juu ya sanduku, akatengeneza ule uso wake wa ibada. "Ndugu zangu wapendwa, elektroni wenzangu. Kesho paredi atamwita Ngollo mbele. Akifungua mdomo tu, tunavuma. Si Kidato cha Sita nusunusu. Wote. Atatafuta wa kumshika, hatampata. Adhabu ikija, itagawanyika mpaka iishe nguvu. Madam ametufundisha wenyewe. Tunakingana."

"Madam hakumaliza," alisema Tobias, kiranja wao, aliyekuwa na tabia mbaya ya kukumbuka.

"Alimaliza kwa kiasi tunachohitaji."

"Alisema wengi wanakosea hapo."

"Wengi wa wapi? Wa Dodoma?"

Watu wakacheka, na kicheko kikamaliza mjadala. Ngollo akaacha kukunja, akayarudisha mashati mahali pake.

Asubuhi kulikuwa na matope ya mvua. Shule nzima ilipanga mistari. Mwalimu Masanja alipanda jukwaani, akamwita Ngollo, akamsimamisha mbele ya watu, akafungua mdomo. Fikiri akaanza.

Alichagua sauti ya chini, nzito, ya heshima. Wenzake waliidaka mara moja. Masanja alifunga mdomo, akaufungua tena, mvumo ukapanda kidogo kumfunika. Alishuka akapita kati ya mistari akichungulia makoo. Alipopita palikuwa kimya. Alipotoka palivuma. Fikiri alitazama mbele, akijisikia kama mtu aliyegundua sheria ya maumbile kabla ya kifungua kinywa.

Kisha Kidato cha Tano wakaingia. Hawakuwa wameombwa. Baada yao wakaja Kidato cha Nne, na wale wadogo ambao sauti zao hazijavunjika, ambao hata hawakujua Ngollo amefanya nini. Na sauti ikaanza kupanda. Hakuna aliyeipandisha. Kila mmoja alijaribu kumfuata wa karibu yake, na wa karibu yake alikuwa juu kidogo. Ile nzito ya heshima ikapotea. Ikaja nyingine, kali, ambayo hapakuwa na pua hata moja pale iliyoianzisha.

Fikiri alitoa ishara ya kunyamaza, kidole kwenye kola. Alinyamaza yeye kwanza, kama kawaida.

Hakuna aliyemfuata.

Alitoa ishara tena. Alimgeukia Tobias, akaona mishipa imemtoka shingoni na macho yamekodoka, na Tobias alikuwa kijana asiyeweza kuvuma hata kwenye maharage. Wapishi walitoka jikoni. Bodaboda walisimama barabarani. Mkuu wa shule alikuja mbio akisema kitu ambacho hakikusikika, akasimama, akageuka, akarudi ofisini akiwa ameshika simu sikioni. Mbele ya wote Ngollo alikuwa amesimama mikono nyuma. Yeye peke yake alimwona Fikiri amenyamaza, na akatikisa kichwa polepole.

Wakubwa wa elimu walifika kutoka mjini kwa magari mawili. Waliuliza ni nani aliyeanzisha, wakajibiwa hakuna. Waliuliza kilichokuwa kikifanyika, na kijana mmoja wa mstari wa mbele, kwa woga, akajibu kwamba walikuwa wanakinga uga. Hilo liliandikwa. Wakubwa hawakuhitaji muda mrefu. Mtu akikosa ni utovu wa nidhamu. Shule ikikosa kwa pamoja ni mgomo, na mgomo una utaratibu wake: Kidato cha Sita chote, kwa kuwa aliyeitwa mbele ni wao, kiondoke kabla ya saa sita mchana, kirudi baada ya wiki mbili, kila mmoja na mzazi wake. Hapakuwa na tofauti ya aliyevuma sana na aliyevuma kidogo. Kijana mmoja aliyekuwa amelazwa hospitali ya Kitete kwa malaria tangu Jumapili alitumiwa ujumbe kitandani kwamba naye amegoma.

Fikiri alikuwa anafunga sanduku wakati Mwalimu Masanja alipoingia bwenini. Hakuwa na fimbo. Bila fimbo alionekana kama mtu aliyevua miwani.

"Wewe Fikiri."

"Naam, mwalimu."

"Unajua nilikuwa nataka kusema nini pale mbele?"

"Kwamba Ngollo anarudi nyumbani."

"Viboko vinne," alisema Masanja. "Na shimo la taka alichimbe peke yake. Basi. Madam wenu alikaa ofisini kwa Mkuu jana mpaka Mkuu akachoka. Alisema huyu kijana akirudi kwao ndiyo imetoka. Tukakubali. Nilitaka nianze kwa kumsema kidogo ili ninyi muogope, halafu nimchape, halafu mkanywe uji."

Fikiri aliutafuta uso wake wa ibada. Haukuja.

"Mmenisumbua miaka miwili na huo mvumo," alisema Masanja. "Mimi nilikuwa naucheka nikifika nyumbani. Haya, nendeni."

Madam Siwema alikuwa getini, chaki bado mikononi. Wakubwa walikuwa wamemwambia afundishe kilichomo kwenye mtaala, na aliambiwa mbele ya wafagizi. Fikiri alitaka kupita upande wa pili wa lori la kuni, lakini Madam alimwita.

"Ungesubiri Jumamosi," alisema.

"Madam, si ulisema zinakingana?"

"Zinakingana. Ukiulenga mwanga pale ambapo elektroni moja ingeamka, hakuna kinachotokea, kwa sababu zote zimejikinga. Ni kweli. Lakini hazijawa salama. Zimefungana. Ukitaka kuigusa moja sasa lazima uzitikise zote, na kuzitikisa zote kunataka nguvu kubwa zaidi. Kwa hiyo mwanga unamezwa, ila unamezwa juu zaidi. Juu kuliko ilivyostahili elektroni yoyote. Hata zile zilizokuwa na tabia zao tofauti, kwenye grafu unaona kilele kimoja tu." Alijipangusa chaki kwenye sketi. "Ngollo yuko wapi?"

"Ametangulia."

"Asipande gari la Igunga. Umenisikia? Asifike kule."

Na Fikiri alikuwa na mpango, kwa kuwa hakuwahi kukosa mpango. Alimchukua Ngollo mpaka kwao Isevya. Mama yake Fikiri, Mwanne, aliyekuwa akiuza maandazi barazani, aliwatazama na masanduku yao, akauliza shule imeungua au nini, akaambiwa hapana, ni likizo ya ghafla, akasema likizo ya ghafla hata yeye aliwahi kupewa, akawapa ndoo wakachote maji.

Mpango ulikuwa mjomba Valentino. Valentino alikuwa mpakiaji wa mizigo stesheni, na kwa pembeni alikuwa baba. Mwanafunzi aliyeambiwa alete mzazi, na asiyetaka mzazi ajue, alimwendea Valentino, naye alivaa koti la kahawia, akaenda shuleni, akasikitika sana, akaahidi kumrekebisha mtoto. Alikuwa amesikitika katika shule zote za mji. Ngollo angekaa Isevya wiki mbili, Valentino angempeleka, na kule Igunga mzee asingejua kitu.

"Jina la ukoo?" aliuliza Valentino, kwenye mazoezi.

"Lugembe," alisema Ngollo.

"Ng'ombe wangapi? Mwalimu anaweza kuuliza."

"Hatauliza, mjomba," alisema Fikiri.

"Baba lazima ajue ng'ombe wake."

Ngollo alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu paredi. Alianza hata kusoma. Alikaa kwenye gunia la mkaa nyuma ya nyumba na vitabu vyake, na jioni alimwelewesha Fikiri ile grafu ya Madam, jinsi kilele kinavyosogea, kwa kuchora na kijiti kwenye majivu. Alisema akifaulu atakwenda kuisoma mpaka aione mwenyewe. Alisema hivyo kama mtu anayetaja mahali alipokwishaweka mzigo wake.

Lakini mgomo una utaratibu wake, na utaratibu ulisema wazazi wote wapigiwe simu. Asubuhi ya siku ya tatu, mzee mmoja mrefu, amevaa makubadhi ya tairi na koti zito ingawa jua lilishachomoza, alisimama barazani kwa Mwanne. Alikuwa ametokea shuleni, na shuleni alielekezwa kwa rafiki wa mwanawe. Valentino alikuwa hapo akinywa chai, ndani ya koti la kahawia. Akadhani ni mjumbe wa shule.

"Hodi hapa. Namuulizia kijana anaitwa Ngollo Lugembe."

Valentino akainuka, akaweka mkono kifuani, akasikitika. "Karibu sana. Mimi ndiye baba yake. Nimeumia mno kwa jambo hili."

Mzee alimtazama koti, akamtazama viatu. "Pole," alisema. "Na mimi pia."

Kilichofuata hakikuwa na kelele. Mwanne alimpa mzee kiti na chai, akamburuta Valentino ndani kwa mkono wa koti. Ngollo alitoka nyuma ya nyumba, majivu vidoleni, akamwinamia baba yake, wakasalimiana Kisukuma kwa urefu wote unaotakiwa: mvua, mama, wadogo zake, ng'ombe. Salamu zilipokwisha, Ngollo akaenda kuleta sanduku.

"Shikamoo, baba," alisema Fikiri.

"Marahaba, kijana. Wewe ndiye rafiki?"

"Ndiyo. Baba, ni wiki mbili tu. Hajafukuzwa. Tutarudi wote. Ni darasa zima, si yeye."

"Nimeambiwa."

"Kosa si lake. Ni langu. Tulitaka kumkinga."

"Mlimkinga na nini?"

"Viboko."

"Vingapi?"

"Vinne, baba."

Mzee aligeuka akamtazama mwanawe aliyekuwa ameinama akifunga sanduku kwa kamba. "Huyu, fahali alimtupa akiwa mdogo, akavunjika mbavu," alisema. "Aliamka akaenda kuwanywesha ng'ombe. Viboko vinne." Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayesikia bei ya kitu sokoni na kuona kwamba hakuielewa.

"Baba, anaijua fizikia kuliko sisi wote. Madam atakwambia. Mwache afanye mtihani tu, halafu—"

"Kijana, mimi nilitoa neno mbele ya ndugu zangu. Walinicheka siku namleta shule mtu mzima na ndevu. Nikasema, shule ikimrudisha nitampokea. Imemrudisha. Nimewaacha nyumbani kwangu wananisubiri." Alimaliza chai, akamrudishia Mwanne kikombe kwa mikono miwili. "Kama angekosa yeye peke yake ningekuja kuwaomba walimu wamsamehe. Nawaomba nini kwa watu wote wale?"

Fikiri aliwasindikiza stendi akiwa amebeba begi la vitabu. Njiani alijaribu maneno mengine, na kila neno lilifika kwa mzee likalala. Ngollo alitembea mbele yao na sanduku kichwani, shingo imenyooka.

Basi la Igunga lilikuwa linajaza. Utingo alirusha sanduku juu. Ngollo alikaa dirishani, akatoa mkono, Fikiri akaushika.

"Kile kilele," alisema Ngollo. "Mtihanini wakiuliza elektroni moja, jibu ya moja. Usiwaandikie zote."

"Sawa."

"Utataka kuandika zote. Nakujua."

Mzee alikuwa amesimama mlangoni mwa basi. "Kijana, umekuwa mtu mwema kwa mwanangu," alimwambia Fikiri. "Ndoa ni mwezi wa tano, tukishavuna. Njoo. Njoo na wenzako wote."

"Tutakuja, baba."

"Watakuwa kwenye mtihani, baba," alisema Ngollo kutoka dirishani.

Mzee alifikiri kidogo. "Basi waje wakimaliza. Wewe utakuwa umeshaondoka na ng'ombe, lakini chakula kitakuwepo."

Akapanda. Fikiri akainua lile begi la vitabu kwenda dirishani. Ngollo alilitazama, kisha akamtazama baba yake, na mzee akasema, kwa upole, kwamba sehemu ya miguu imejaa. Utingo akagonga bodi, basi likajiondoa polepole kwenye matope, na Fikiri akabaki katikati ya stendi amelikumbatia begi, watu wenye mizigo yao wakimwomba apishe.